Padua au Padova? Mji mmoja, majina mawili, na lipi uandike wapi

Swali, kutoka kwa msomaji wa Morogoro: "Shikamooni. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili nchini Italia. Barua ya chuo, ya Kiingereza, inasema Padua. Fomu ya malazi inasema Padova, na tovuti ya treni nayo hivyo hivyo. Ramani niliyonunua ina mikoa ya Tuscany, Piedmont na Apulia, lakini kwenye fomu za Kiitaliano sijauona hata mmoja. Je, Padua na Padova ni miji miwili au mmoja? Na mimi niandike jina lipi, wapi?"

Jibu: Marahaba, na hongera kwa nafasi uliyoipata. Padua na Padova ni mji mmoja. Padova ni jina lake la Kiitaliano, Padua ni jina la Kiingereza. Karatasi zako ziko sawa, usizirudishe chuoni zirekebishwe. Swali lako la mwisho ndilo linalotaka maelezo marefu, maana kosa la jina huko haliishii kwenye tahajia. Mtu hujikuta amekata tiketi ya mji mwingine, barua yake imekwenda Sicilia, au fomu imemgomea.

Jambo la kushika ni hili: jiulize karatasi hiyo, au mashine hiyo, inasoma lugha gani. Anwani ya posta, tiketi ya treni, mkataba wa chumba, fomu ya kibali cha ukaazi, akaunti ya benki, vyote hivyo vinasomwa kwa Kiitaliano hata kama maelekezo yake yamewekwa kwa Kiingereza. Humo andika Padova. Wasifu wako wa Kiingereza, maombi ya ufadhili, tasnifu utakayoiandika kwa Kiingereza, humo andika Padua, na Rome, na Florence, mwanzo hadi mwisho. Kinacholeta vurugu ni kuchanganya: Florence ukurasa wa kwanza, Firenze ukurasa wa tatu. Msomaji asiyeijua Italia atahesabu miji miwili, na hana kosa.

Miji yenye majina mawili

Italia ina manispaa karibu 7,900, na zilizo nyingi hazina jina lolote la Kiingereza. Ukikariri hizi kumi umemaliza sehemu kubwa ya kazi: Roma ni Rome, Milano ni Milan, Napoli ni Naples, Torino ni Turin, Firenze ni Florence, Venezia ni Venice, Genova ni Genoa, Padova ni Padua, Mantova ni Mantua, na Siracusa ya Sicilia ni Syracuse. Bologna, Verona, Pisa, Siena, Bari, Palermo, Catania, Perugia, Trieste, Ravenna, Parma, Modena na mingineyo huandikwa vilevile kwa lugha zote mbili. Usiibunie jina.

Kwa nini kumi hizo na si nyingine? Jina la kigeni hushika pale mji unapotajwa sana na wageni. Bandari, benki, makao ya papa na vyuo vya zamani vilitajwa Uingereza tangu zama za kati, na mara nyingi jina liliingia kwa njia ya Kifaransa, kwa kuwa baada ya mwaka 1066 wakubwa wa Uingereza walikuwa wakizungumza Kifaransa. Chukua kamusi ya Kifaransa leo, utakuta Rome, Naples, Florence, Turin na Milan, herufi kwa herufi. Venice imetokana na Venise ya Kifaransa. Mantua ni Kilatini kitupu, na Padua ni umbo la Kilatini cha zama za kati. Warumi wa kale waliuita mji huo Patavium. Utalikuta jina hilo la kale chuoni kwako, chuo kilichoanza mwaka 1222: wito wake wa Kilatini ni Universa Universis Patavina Libertas, na neno patavino bado hutumika kwa maana ya "-a Padova". Kwa hiyo mji wako, ukitaka kuhesabu kwa ukamilifu, una majina matatu.

Firenze na Florence ndiyo jozi inayowasumbua wengi, kwa sababu hazifanani machoni. Zote mbili zimezaliwa na Florentia ya Kilatini. Kifaransa kiliiacha "fl" ya mwanzo ibaki. Kiitaliano mara nyingi huigeuza "fl" kuwa "fi": ua kwa Kilatini cha kale lina mzizi wa flor-, kwa Kiitaliano ni fiore. Florentia ikawa Fiorenza, kisha ikafupika kuwa Firenze. Lile umbo la kati halijafa: mtu wa Firenze bado anaitwa fiorentino, na ndiyo maana timu ya mpira ya mji huo ni Fiorentina. Ukiijua hila hii ya sauti utaona pia jinsi Placentia ya Kilatini ilivyokuwa Piacenza, maana "pl" nayo hugeuka "pi".

Livorno umewahi kuwa na jina la Kiingereza ambalo sasa limestaafu kwenye ramani: Leghorn. Wafugaji wa kuku wanalijua. Kuku yule mweupe, mwembamba, hodari wa kutaga mayai meupe, ameitwa kwa jina la bandari hiyo ya Toscana, ambako mbegu yake ilisafirishwa kwenda Marekani katika karne ya 19. Ramani za kisasa za Kiingereza zinaandika Livorno. Leghorn limebaki bandani. Nayo jinzi imebeba jina la Genova kama Wafaransa wanavyolitamka, Gênes.

Mashabiki wa soka wataniuliza: mbona Waitaliano wenyewe wana timu inayoitwa Milan, si Milano, na nyingine Genoa, si Genova? Kwa sababu klabu hizo zilianzishwa na Waingereza, Genoa mwaka 1893 na Milan mwaka 1899, wakaziita kwa lugha yao. Utawala wa kifashisti ulilazimisha ziitwe Genova na Milano. Baada ya vita, mwaka 1945, zikarudishiwa majina yake. Kwa hiyo Mwitaliano akisema Milan anataja timu, akisema Milano anataja mji. Timu ya Lazio nayo haikubeba jina la mji, Lazio ni mkoa ambao Roma ni makao makuu yake.

Mikoa ishirini

Sasa ramani yako. Italia ina mikoa 20, na hapa mtu wa Tanzania ana nafuu, kwa kuwa ngazi zao zinakaribiana na zetu: regione ni kama mkoa, provincia ni kama wilaya, comune ni kama manispaa.

Mikoa mitano ina jina la Kiingereza ambalo kila Mwingereza analitumia: Piemonte ni Piedmont, Lombardia ni Lombardy, Toscana ni Tuscany, Sicilia ni Sicily, Sardegna ni Sardinia. Puglia na Valle d'Aosta huandikwa kwa njia zote mbili, Apulia na Aosta Valley zikiwa za Kiingereza. Siku hizi Waingereza wengi huandika Puglia tu. Lazio uliitwa Latium na Marche ukaitwa the Marches, lakini Latium sasa ni neno la vitabu vya historia ya kale, na la pili linazeeka. Abruzzo ukiuona umeandikwa Abruzzi, hiyo ni ile hali ya wingi ya zamani. Trentino-Alto Adige ni habari ya pekee, nitaufikia. Tisa iliyobaki haibadiliki: Veneto, Liguria, Umbria, Calabria, Campania, Molise, Basilicata, Emilia-Romagna na Friuli Venezia Giulia.

Ramani yenyewe inaweza kukuambia umri wake. Ikiwa na mkoa mmoja unaoitwa Abruzzi e Molise, imechorwa kwa mpangilio wa kabla ya sheria ya katiba ya Desemba 1963 iliyoutenga Molise. Ikiwa na Lucania mahali pa Basilicata, inafuata jina rasmi la miaka ya 1932 hadi 1947. Jina hilo halijatoka midomoni: watu wa Basilicata hadi leo wanaitwa lucani.

Mkoa wako ni Veneto, na hapa kuna majina matatu yanayofanana ambayo usiyachanganye. Venezia ni mji. Veneto ni mkoa ambao Venezia ni makao makuu yake na Padova ni mmoja wa miji yake. Friuli Venezia Giulia ni mkoa mwingine kabisa, upande wa mashariki mpakani na Slovenia, na makao makuu yake ni Trieste. Tangazo la chumba "Venezia Giulia" halina uhusiano na Venezia ya mifereji. Vivyo hivyo kwa sifa: mtu wa mkoa ni veneto, mtu wa mji ni veneziano, na mtu wa Padova hapendi kuitwa veneziano.

Anwani, fomu na herufi mbili zinazoponza watu

Kila provincia ina alama ya herufi mbili, na alama hiyo hutokana na jina la Kiitaliano, kamwe si la Kiingereza. Padova ni PD. Anayedhani ni PA amepeleka barua yake Palermo, Sicilia. Roma ni RM. RO ni Rovigo, mji mdogo kusini mwa Padova. Firenze ni FI, Napoli NA, Torino TO, Venezia VE, Genova GE, Milano MI, Mantova MN, Siracusa SR, maana SI imechukuliwa na Siena. Livorno ni LI. LE ni Lecce, kule kwenye kisigino cha Italia.

Anwani huandikwa mtaa kwanza na namba ya nyumba baada ya jina la mtaa, kisha msimbo wa posta wenye tarakimu tano, mji, na alama. Makao makuu ya chuo chako, kwa mfano:

Via VIII Febbraio 2
35122 PADOVA PD
ITALY

Mji umeandikwa Kiitaliano kwa sababu atakayeutafuta ni mtu wa posta wa Italia. Jina la nchi, mstari wa mwisho, limeandikwa kwa lugha inayosomwa kule barua inakotoka, kwa sababu mfanyakazi wa posta ya Morogoro anachohitaji kujua ni nchi tu. Italia au Italy, yoyote kati ya hizo itafika.

Herufi hizo mbili si pambo. Kuna Castro ya Bergamo (BG), kando ya ziwa kaskazini, na Castro ya Lecce (LE), ufukweni kusini, na jina la manispaa ni hilo hilo moja. Kuna Reggio nell'Emilia (RE) na Reggio di Calabria (RC), miji mikubwa yote miwili, na kati yao kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Waitaliano wenyewe huitofautisha hata kwa sifa: kitu cha Reggio Emilia ni reggiano, kama ile jibini ya parmigiano reggiano, na mtu wa Reggio Calabria ni reggino. Mtu akikuandikia "njoo Reggio", usikate tiketi kabla hujamuuliza ni ipi.

Ukifika utakuwa na siku 8 za kazi kuomba kibali cha ukaazi, kwa fomu zinazotolewa posta. Kwenye kisanduku cha comune andika PADOVA, cha provincia andika PD. Mahali pa kuzaliwa, fomu za Italia zimetengenezwa zikimfikiria mtu aliyezaliwa kwenye manispaa ya Italia, ndiyo maana huuliza comune au stato estero, yaani nchi ya nje. Wewe jaza nchi, TANZANIA. Fomu nyingi, hasa za kodi, zikidai alama ya provincia ya kuzaliwa kwa mtu wa nje, alama ni EE. Kisha utapewa namba ya mlipakodi, codice fiscale, yenye herufi na tarakimu 16. Itazame kuanzia nafasi ya 12 hadi ya 15: hapo ndipo palipoandikwa mahali pa kuzaliwa. Aliyezaliwa Roma ana H501, aliyezaliwa Padova ana G224, na aliyezaliwa nje ya Italia huanza na Z. Yako isipoanza na Z hapo, kuna aliyejaza mji wa Italia kwa bahati mbaya, na ni bora irekebishwe wiki hiyo hiyo kabla benki na chuo havijaisajili.

Kwa majina ya vyuo, nakili jina kama chuo kinavyojiita kwenye lugha husika, usitafsiri mwenyewe. Università degli Studi di Padova ni University of Padua. Lakini Politecnico di Torino na Politecnico di Milano huachwa hivyo hivyo hata katikati ya sentensi ya Kiingereza. University of Milan na University of Milano-Bicocca ni vyuo viwili tofauti katika mji mmoja. Anayedhani "Milano" ya pili ni tafsiri iliyosahaulika, akaifuta Bicocca, ametaja chuo kingine.

Ndege na treni

Kwenye ndege majina ya Kiingereza ndiyo yanayotawala, na hatari yake ni Marekani. Wamarekani wameyatumia majina haya kwa miji yao: kuna Naples na Venice huko Florida, Rome huko Georgia, Florence huko South Carolina, Syracuse huko New York. Ukitafuta Syracuse kwenye tovuti ya ndege utaletewa SYR, uwanja wa New York. Siracusa ya Sicilia haina uwanja wa ndege za abiria. Unatua Catania, CTA. Kwa hiyo usiamini jina, amini msimbo wa herufi tatu: Roma ni FCO (Fiumicino) au CIA (Ciampino), Milano ni MXP (Malpensa) au LIN (Linate), Venezia ni VCE, Firenze ni FLR, Napoli ni NAP, Torino ni TRN, Genova ni GOA. Padova haina uwanja wake wa abiria. Wa karibu ni VCE, kisha TSF wa Treviso. Mashirika ya nauli nafuu hupenda kuandika "Venice" kwa Treviso na "Milan" kwa Bergamo (BGY). Hiyo ni miji mingine, na utalipa basi juu ya nauli uliyodhani ni nafuu.

Kwenye treni mambo yanageuka: orodha ya vituo ni ya Kiitaliano, na vituo vimefupishwa. Firenze S.M.N. ni Santa Maria Novella, kituo kikuu cha Florence. Milano C.le ni Centrale. Torino P.N. ni Porta Nuova. Venezia ina vituo viwili vya kuangalia: Venezia Mestre iko bara, Venezia S. Lucia iko penyewe kwenye maji. Reggio Emilia ina kituo cha mjini na kingine cha treni za kasi, Reggio Emilia AV Mediopadana, ambacho kiko nje ya mji.

Tuchukue safari yako mwenyewe. Umetua Malpensa, umepanda treni ya uwanjani hadi Milano Centrale, unatazama ubao wa treni zinazoondoka, na Padova huioni. Ubao kwa herufi kubwa huonyesha kituo cha mwisho tu. Treni yako imeandikwa VENEZIA S. LUCIA, wakati mwingine TRIESTE au UDINE, na Padova iko kwenye maandishi madogo ya vituo vya njiani, baada ya Brescia, Verona P.N. na Vicenza. Shika namba ya treni iliyo kwenye tiketi, ndiyo isiyobadilika kwa lugha. Ukipitiliza, kituo kinachofuata kikubwa ni Mestre, na utarudi.

Mtego mmoja wa mwisho wa treni ni wa upande wa pili: Waitaliano nao wana majina yao kwa miji ya wenzao. Monaco, kwa Mwitaliano aliye Verona au Bologna, ni München ya Ujerumani, ile ambayo Waingereza wanaiita Munich. Wakitaka kuondoa shaka husema Monaco di Baviera. Ule utawala mdogo wa kitajiri kando ya Ufaransa ni Principato di Monaco, au Montecarlo. Kuna watu wamelala kwenye treni wakitarajia bahari, wakaamka kwenye milima ya Brennero, mpakani na Austria. Parigi, Londra, Vienna na Berlino utazitambua. Nizza ni Nice, Ginevra ni Geneva, Stoccarda ni Stuttgart, Colonia ni Köln, Lipsia ni Leipzig, Aquisgrana ni Aachen, Lubiana ni Ljubljana.

Kule kaskazini, ambako jina la pili si la Kiingereza

Trentino-Alto Adige una wilaya mbili zenye mamlaka yake, Trento na Bolzano. Trento kwa Kiingereza ni Trento, isipokuwa unapotajwa mtaguso wa Kanisa wa mwaka 1545 hadi 1563, hapo Waingereza husema Trent. Bolzano ni sehemu ya nchi iliyokuwa chini ya Austria hadi mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na wakazi wake wengi ni wasemaji wa Kijerumani. Alto Adige ni jina la Kiitaliano, Südtirol la Kijerumani, na Waingereza hufuata la Kijerumani kwa kulitafsiri: South Tyrol. Utawala wa kifashisti uliyafuta majina ya Kijerumani hadharani mwaka 1923. Leo sheria inayalinda yote, na ubao wa stesheni unasomeka Bolzano/Bozen, Merano/Meran, Bressanone/Brixen, Vipiteno/Sterzing. Kwenye mabonde ya Kiladino, lugha ndogo ya milimani huko, kuna jina la tatu. Anayeandikia watu wa huko na aandike yote mawili kama ubao ulivyo; kuacha la Kijerumani ni kugusa kidonda.

Valle d'Aosta nao ni wa lugha mbili, Kiitaliano na Kifaransa, ndiyo maana mji kama Courmayeur una jina lisilo na sura ya Kiitaliano. Trieste kwa Kislovenia ni Trst. Alghero ya Sardegna, ambako Kikatalani kimezungumzwa kwa karne nyingi, ni L'Alguer.

Na ukiandika Kiswahili?

Hukuliuliza hili, lakini utawaandikia watu nyumbani. Kiswahili kimepokea majina haya kwa milango mbalimbali, na dalili zimebaki. Kupitia Kiarabu tulipata Rumi, jina lililomo kwenye Biblia ya Kiswahili, Waraka kwa Warumi ukiwa shahidi. Katika Utenzi wa Tambuka wa 1728, Rumi si Italia kabisa, ni dola ya kaisari Herekali, Rumi ya mashariki. Kupitia Kiingereza tulipata Venisi, na Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 akaiita Mabepari wa Venisi. Kupitia Kanisa tulipata Roma, Mtaguso wa Trento, Fransisko wa Asizi, na Mtakatifu Antoni wa Padua, ambaye ni wa mji wako huo huo. Msomaji wa Matendo ya Mitume anaijua Sirakusa, na Puteoli, ambayo leo ni Pozzuoli kando ya Napoli, na Regio, ambayo ndiyo ile Reggio di Calabria.

Jina lililokwisha kukaa mahali pake liacheni. Mtakatifu Antoni abaki wa Padua, na tamthilia ibaki ya Venisi. Kwa mengine yote, katika Kiswahili cha leo andika Kiitaliano: Napoli, Torino, Milano, Firenze, Venezia. Yanaishia kwa irabu, yanaingia kinywani bila kusukumwa, na hakuna sababu ya Mswahili kumwendea Mwitaliano kwa kupitia London. Faida nyingine ni ya utafiti. Wamisionari wa Konsolata waliofika Kenya mwaka 1902 na Iringa mwaka 1919 walitoka Torino, na nyaraka zao wenyewe husema Torino huku za serikali ya kikoloni zikisema Turin. Madaktari wa CUAMM, shirika lililoanzishwa Padova mwaka 1950, nao utawakuta chini ya Padua na Padova. Anayetafuta kumbukumbu kama hizi atafute kwa majina yote mawili, la sivyo ataambulia nusu.

Kulitamka

Hapa Mswahili ana bahati kuliko Mwingereza. "gn" ni "ny" ya nyumba: Bologna ni Bolonya, Sardegna ni Sardenya. "c" mbele ya e au i ni "ch" ya chai: Vicenza, Lecce. Lakini "ch" yao ni "k": Chieti ni Kieti, Marche ni Marke, Chioggia ni Kioja. "g" mbele ya e au i ni "j": Genova, Perugia. "sc" mbele ya e au i ni "sh": Brescia ni Bresha, ila Ischia ni Iskia, kwa ajili ya ile h. "gli" ya Puglia ni "ly" laini. "z" mara nyingi ni "ts": Firentse, Venetsia.

Kinachotuponza ni mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na majina mengi ya Italia hufanya hivyo hivyo: RO-ma, mi-LA-no, to-RI-no, bo-LO-gna, ve-RO-na. Lakini kuna kundi linalorudi nyuma hatua moja, na lazima ulijifunze kwa kukariri: NA-poli, GE-nova, MAN-tova, MO-dena, BER-gamo, U-dine, RI-mini, TA-ranto, BRIN-disi, CA-gliari. Mji wako umo kwenye kundi hilo. Ukisema pa-DO-va, mwenye dirisha la tiketi atakukodolea macho. Sema "Un biglietto per Padova", PA ikiwa na nguvu na mengine yakiifuata upesi.